Santuri Namba Saba ya Mzee Gramu

Ndugu zangu, majirani, wafanyakazi wenzake na wote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 15 Juni 2019, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, mpishi wa meli mstaafu ambaye wengi mnaniita Sufuria, niwasomee maisha ya kaka yetu, na naomba mjue mapema kwamba familia ina watu wenye akili kunizidi, ila wote walikuwa wanalia, mimi nikaonekana ndiye ninayeweza kulia na kusoma kwa wakati mmoja.

Kaka yetu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Februari 1954, saa kumi na moja alfajiri, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba yetu aliyekuwa fundi viatu na mama yetu aliyekuwa mpishi wa shule, hivyo ndivyo cheti kinavyosema, lakini shangazi yetu, ambaye alikuwepo, na ambaye hivi sasa yupo mstari wa mbele ananikodolea macho, anasema ilikuwa Alhamisi, tena mchana, na jana aliponikuta naandika aliniambia, "Shika cheti chako, mimi nilimshika yeye mwenyewe," basi nimewasomea yote mawili. Uzito wake haukuandikwa popote, na kwa mtu aliyekuja kuishi kwa mizani, jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni.

Alianza shule ya msingi Januari 1961 na kuimaliza Novemba 1967, akaingia sekondari mwaka 1968 hadi 1971, na huko ndiko alikopatwa na jambo lililomtia katika mkanganyiko wa maisha yake yote, kwa maana mwalimu wake wa jiografia alikuwa na gramafoni, na kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho aliwapigia wanafunzi wake simfonia moja, ile ile, kwa miaka minne. Kwa wasioijua simfonia, na mimi nilikuwa mmoja wenu, ni muziki mrefu wenye sehemu nne, hauna mwimbaji, unapigwa na watu sitini au sabini wenye fidla, tarumbeta na ngoma, na mbele yao husimama mwongozaji mwenye kijiti, ambaye yeye hapigi chochote, halafu mwishoni ndiye anayepigiwa makofi. Santuri ya mwalimu ilikuwa na mkwaruzo katika sehemu ya nne, sindano ikifika pale inaruka, hivyo mwalimu alikuwa akiizima na kuimalizia kwa mdomo, huku akigonga meza kwa rula, na kaka yetu aliondoka sekondari akiamini kabisa kwamba simfonia huishia na mwanamume anayeguna na kugonga meza.

Baada ya mafunzo ya miaka miwili, aliajiriwa tarehe 3 Januari 1974 katika ofisi ya mizani na vipimo, akapanda cheo kuwa mkaguzi kamili tarehe 1 Julai 1981, na akastaafu tarehe 9 Februari 2014, akiwa ametumikia miaka arobaini bila barua hata moja ya onyo. Wengi wenu mnamkumbuka na kile kisanduku cha mbao chenye mawe ya shaba ya kupimia uzito yaliyolala kwenye kitambaa cha kijani, akiingia kwa wauza nyama, kwa wenye mashine za unga, kwa masonara, na wote mnajua kanuni yake, kwamba hakutaka kujua mizani ni ya nani, aliagiza zote ziwekwe mezani zikiwa na namba za chaki, na yeye akageukia ukutani mpaka wenyewe watoke, kwa sababu alisema jicho likishamjua mwenye mizani, mkono nao unajifunza adabu mbaya. Muuza nyama wa kona, ambaye leo amekuja na kofia mkononi, ndiye aliyempa jina la Gramu, akisema, "Huyu hata umpandishe mama yake mzazi kwenye mizani, atakwambia amepungua."

Jumamosi tarehe 18 Agosti 1979 alinunua santuri yake ya kwanza, simfonia ile ile ya shuleni, akaenda nayo nyumbani, akaazima gramafoni, akaisikiliza, na sehemu ya pili ilipokwisha akahisi ameibiwa. Tangu shuleni alikuwa akiipima sehemu hiyo kwa saa ya ukutani, ikichukua dakika kumi na moja na nusu kila Ijumaa bila kukosea, lakini hii ya dukani ilichukua dakika tisa na sekunde kumi na mbili, basi Jumatatu asubuhi akarudi dukani akiwa na sare ya ofisi na kisanduku cha mawe, sijui mawe ya nini, akamweleza muuza duka kwamba bidhaa yake imepunjwa. Muuza duka akamtazama, akatazama kile kisanduku, akamwambia kwa upole, "Bwana, hapa haijakatwa hata nukta moja, noti ni zile zile, aliyeshika kijiti ndiye mwingine." Kaka yetu alitusimulia kwamba alisimama pale hata wateja wawili wakahudumiwa na kuondoka, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitoka dukani bila kujua aandike sahihi au batili.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1980 na shemeji yetu, mshonaji wa sare za shule, ambaye alikutana naye kikazi, alipoikagua tepu yake ya kupimia nguo akakuta imerefuka kwa sentimita mbili, naye shemeji akamjibu bila kuinua uso kwenye cherehani kwamba yeye hukata kwa jicho, tepu ni ya kuwaridhisha wateja. Ripoti ya siku hiyo tunayo, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, "Tepu mbovu, nguo sawa," na baada ya hapo alirudi mara tatu bila sababu yoyote ya kiofisi. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 27 Aprili 1982, sasa ni mfamasia, na kijana aliyezaliwa tarehe 11 Oktoba 1985, sasa anafundisha udereva, na ambaye mpaka leo akisikia fidla hushusha sauti yake mwenyewe, kwani ndivyo alivyolelewa.

Hapa ndipo mimi ninapoingia katika historia hii, na ningependa kuipita mbio lakini siwezi. Nilianza kazi ya meli mwaka 1986, nikiwa na miaka ishirini na moja, na kaka aliniagiza kitu kimoja tu, kwamba kila bandari nitakayofika niulize simfonia ile ile, ila mwongozaji awe mwingine, nami nikakubali kama mtu anayeagizwa sabuni. Mwanzoni nilimletea mwongozaji mmoja mara mbili, safari nyingine nikamletea bendi ya zimamoto, kwa sababu picha ya jalada ilikuwa na watu wengi wenye vyombo vya shaba, lakini taratibu nikajifunza, na kufikia mwaka 1994 alikuwa na santuri kumi na moja za muziki ule ule, na mimi, niliyezibeba zote kwenye begi kati ya soksi na visu, niliposikilizishwa mbili mfululizo niulizwe tofauti, nilijibu kwamba ya pili ilikuwa na kelele zaidi jikoni, maana shemeji alikuwa anaosha vyombo.

Jumamosi tarehe 23 Julai 1994, nikiwa likizo, kaka aliniambia kwamba amegundua anajipendelea, akiona jina kubwa kwenye lebo sikio lake linasimama kama askari, kwa hiyo anataka santuri zipimwe kama mizani, bila majina. Kazi yangu ilikuwa kukata duara za karatasi, kuzibandika juu ya lebo kwa gundi isiyobanduka, kuziandika namba, kuzitia zote katika majalada meupe, kisha kuandika orodha ya nani ni namba ngapi na kuifunga katika bahasha yenye lakiri, ambayo angeifungua siku atakapomaliza kulinganisha. Yeye akatoka nje, akakaa na jirani. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili sijawahi kulisema mbele ya watu, siku hiyo nilikuwa nimekuja na santuri ya kumi na mbili, nikiwa nimeificha ili imshangaze, nikaichanganya na zile nyingine, nikaanza kazi, nikaandika Saba, shemeji akaniita kula, nikaenda, nikala kama mpishi asiyepika, nikarudi, nikaandika Saba. Nilipofika mwisho namba zikaishia kumi na moja, na kwa kuwa nilijua kaka ana santuri kumi na moja, nilifurahi kwamba hesabu imekubali.

Halafu nikakumbuka orodha, lakini karatasi zilikuwa zimeshashika, lebo hazionekani, na kaka yuko mlangoni anauliza, "Tayari?" nami nikasema tayari, nikamkabidhi bahasha iliyopigwa lakiri vizuri sana, ndani yake mkiwa na karatasi tupu.

Tangu siku hiyo, kila jioni baada ya kazi, kaka alikaa kwenye kiti kilichogeuzwa ukutani, shemeji anasimamisha cherehani, yeye anataja namba, shemeji anaichomoa na kuiweka, yeye anabonyeza saa yake ya kupimia na kuandika katika daftari, na zile nilizoendelea kuleta shemeji alizibandika na kuzipa namba mwenyewe, bila kukosea hata moja, hadi kumi na tisa. Mwaka 1997 nilipokuja likizo nikalifungua lile daftari, nikakuta namba Nne imeelezwa kwa mstari mmoja, "Anaharakisha kama anawahi basi," namba Tisa mstari mmoja, "Anajipenda," lakini namba Saba ilikuwa na kurasa kumi na nne, na kila ukurasa ulipingana na wenzake, leo dakika tisa na sekunde kumi na mbili, kesho kutwa dakika kumi na mbili kasoro sekunde tano, hapa kaandika "Saba leo imechangamka," pale "Saba leo imenisubiri," na pembeni, kwa penseli, "Au ni mimi?" Nikaenda kabatini, nikachomoa, nikaziona Saba mbili zimekaa bega kwa bega kama mapacha, nikazirudisha, nikafunga kabati, nikasema kuna joto humu ndani, nikatoka nje.

Ndugu waombolezaji, nimevuka bahari ambazo mawimbi yake yaling'oa jiko ukutani, sikuogopa kama nilivyoogopa kumwambia mkaguzi wa mizani kwamba kipimo chake ni kibovu na aliyekiharibu ni mimi. Alipeleka gramafoni kwa fundi mara tatu akidhani mzunguko wake umelegea, fundi akamwambia mashine haina ugonjwa, alipimwa masikio tarehe 8 Machi 2001 akaambiwa anasikia kuliko kijana, na kila nilipokuja likizo alinipokea begi, akaniuliza safari, kisha akaniuliza, "Ile bahasha, mdogo wangu, orodha uliiandika vizuri?" nami najibu, "Vizuri kabisa, kaka," naye anasema, "Basi nitaifungua nikimaliza."

Kuhusu ugonjwa, kaka yetu alianza kuchoka akipanda ngazi mwanzoni mwa mwaka 2017, na tarehe 22 Novemba mwaka huo daktari alimwambia kwamba moyo wake umetanuka na haupigi sawasawa, kaka akauliza, "Unawahi au unachelewa?" daktari akasema vyote viwili, na nasikia kaka alicheka mpaka muuguzi akaingia kuangalia kuna nini. Alilazwa mara nne, mara ya mwisho tarehe 29 Mei mwaka huu, katika kitanda cha karibu na dirisha, na Jumatatu tarehe 10 Juni, tukiwa tumemzunguka, alisema kwa sauti ya chini lakini bila kukwama, "Siku ya kunizika ipigwe Saba, sehemu ya pili, yote, msiikate." Wote wakaitikia, wakamfuta jasho, mimi nikatoka kwenye korido nikashika ukuta. Alifariki Jumatano tarehe 12 Juni, saa tisa na dakika ishirini alasiri, shemeji akiwa amemshika mkono, na saa ya kupimia ikiwa juu ya kabati dogo la kitanda, imesimama.

Basi mtu ameomba kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ni viwili, na sababu ni mimi. Juzi Alhamisi asubuhi nilimfuata shemeji kwenye chumba chake cha kushonea, nikafunga mlango, nikamwambia yote, santuri ya kumi na mbili, chakula, Saba na Saba, karatasi tupu, nikamalizia kwa kusema kwamba nimemfanya mume wake ajione mgonjwa wa masikio kwa robo karne, na sasa sijui nimpigie ipi, nikikosea nitakuwa nimemdanganya mpaka kaburini. Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatano, akasema, "Shemeji, wewe ulifikiri mimi nilikuwa nazitoa kabatini nimefumba macho? Moja ina ukingo mnene, nyingine nyembamba, nilizijua wiki ile ile uliyoondoka." Nikamuuliza kwa nini hakusema, akaniambia kwamba mwanzoni alitaka kusema, lakini siku moja kaka alirudi amegombana na wenye mizani sokoni, uso umemshuka, akaomba Saba, mkono wa shemeji ukachukua ile ya taratibu, akamwona kaka mabega yanashuka, na siku nyingine kaka akarudi mzima, ana maneno mengi, shemeji akamwekea ile ya mbio, na tangu hapo akawa anamtazama tu anavyovua viatu, ndipo anajua aweke ipi. "Mimi nakata kwa jicho," akasema, "na yeye kila siku ananiuliza, mama watoto, mbona Saba leo iko hivi? Namwambia labda hali ya hewa."

Kwa hiyo zile kurasa kumi na nne, ambazo mimi niliziona ni ushahidi wa kosa langu, sikujua tena ni kitabu cha nini. Shemeji akanituma nilete kisanduku cha mawe ya shaba, ambamo kaka aliweka bahasha yangu chini ya kitambaa cha kijani, akisema tuitoe izikwe naye ili aibu yangu iishe, nami nilipoitoa nikakuta lakiri nzima, haijaguswa, lakini upande wa chini bahasha imekatwa kwa wembe, mstari ulionyooka kabisa, na ile karatasi yangu tupu haikuwa tupu. Naisoma kama ilivyo. "Imefunguliwa leo tarehe 9 Februari 2014, siku ya kustaafu. Haina kitu. Mdogo wangu ni yule yule. Saba ni mbili, nimepima. Asiambiwe, asije akaona haya akaacha kuniletea nyingine. Mama watoto naye asiambiwe. Siku yangu ikifika ipigwe Saba, sehemu ya pili, yeye aangalie siku ilivyo, aweke."

Shemeji aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya kikopo chake cha pini, akafunga kifuniko. Mimi bado sielewi, ndugu zangu, na nasimama mbele yenu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia, sijui nani alikuwa anamficha nani, najua tu kwamba miaka mitano baada ya kuifungua aliendelea kuniuliza kama niliiandika vizuri, akiwa amenikazia macho, na mimi mjinga nikaendelea kumjibu vizuri kabisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemruhusu kupima matone ya dripu kwa saa yake, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya mizani waliobeba jeneza leo kwa mwendo mmoja bila kuyumba, muuza nyama na wafanyabiashara wote aliowahi kuwafungia mizani na bado wamekuja, na majirani, kipekee seremala wa ukuta kwa ukuta, ambaye jana alipotuletea viti niliona nimweleze siri ya zile Saba, akanijibu huku akipanga viti, "Kwani wewe ulikuwa hujui? Sisi nyumbani kwetu tukisikia ile ndefu tunajua mzee leo kachoka, tunapunguza nyundo." Wale ambao sikuwataja mnisamehe, orodha zangu mnazijua.

Sasa gramafoni iko pale mezani, shemeji ameshasimama, amemwangalia kaka, ametuangalia sisi, ameangalia na mbingu, amechomoa moja, na kwa heshima nimegeukia ukutani kama mwenyewe alivyotaka, kwa hiyo sijaiona, na hata ningeiona nisingeijua. Nawaomba mvue saa zenu au mshushe mikono, mtu asihesabu dakika, na itakapokwisha, hata iwe imechelewa au imewahi, tumsindikize.

Kaka, hii imechaguliwa na anayekujua, isikilize yote. Pumzika kwa amani, Mzee Gramu, uzito wako umetimia.